Ukitaka msaada kwenye watu wengi, mchague mmoja

Niliibiwa ndoo ya asali stesheni ya Tabora, ile ya lita 20, mchana kweupe na benchi zimejaa watu. Nilitoka kununua maji tu hapo nje, narudi ndoo haipo. Namuuliza mama aliyekuwa amekaa ubavuni kabisa mwa ile ndoo, ananambia "nimemuona kijana kaibeba, nikajua mwanao". Mzee wa pembeni nae kaona, nae kajua ndugu yangu. Basi niliwalaani moyoni mpaka treni inapita Kaliua.

Kumbe kosa lilikuwa langu, sikumwachia mtu yeyote ile ndoo. Kuna utafiti wa Moriarty, mwanasaikolojia wa Marekani, ulitoka 1975, walienda ufukweni kule New York, mtu wao anatandika taulo karibu na mtu asiyejua lolote, anawasha redio, anaondoka anaiacha, alafu anakuja "mwizi" wa kupanga anaibeba. Kama yule mwenye redio alikuwa ameomba moto wa sigara tu au kuuliza saa, kati ya watu 20 ni 4 tu walimzuia mwizi. Akiwa amesema "niangalizie vitu vyangu", walizuia 19 kati ya 20! Ufukwe uleule, redio ileile.

Sasa ukiwa stesheni au pale stendi usiage hewani "jamani natoka kidogo". Mfuate mtu mmoja, msalimie kwanza, alafu itaje kitu chenyewe kwa kidole: shikamoo mama, naomba uniangalizie ndoo hii ya mfuniko wa bluu, naenda hapo kwenye maji narudi sasa hivi. Alafu usiondoke mpaka ajibu kwa mdomo. Akiguna tu huyo hajakubali, tafuta mwingine. Mi napenda kuwapa wenye watoto wadogo maana hawanyanyuki hovyo, ila hilo ni la kwangu halina utafiti.

Mtu akianguka barabarani ni vilevile ila haraka zaidi. Wanasaikolojia wengine wa Marekani, Darley na Latané, mwaka 1968 walimweka mwanafunzi peke yake kwenye chumba anaongea na wenzie kwa spika, mara mmoja anasikika kama anashikwa kifafa (ilikuwa rekodi). Aliyeamini yuko peke yake na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla kile kifafa hakijaisha. Walioamini kuna wengine wanne wanasikia, asilimia 31. Roho mbaya hawakuwa nayo, wengi walikuwa wanatetemeka, ila kila mmoja anajua mwingine atakuwa ameshaenda. Kwahiyo usipige kelele "saidieni jamani", ita kwa alama: kaka wa shati la kijani piga 112, dada mwenye kanga niletee maji. Na kama mgonjwa ni wewe na bado una sauti, sema unaumwa nini, maana watu wanatazamana usoni kwanza, wakiona wenzao wametulia wanajua ni mlevi tu.

Na usije ukasema watu tumeharibika. Kuna waliokaa wakaangalia picha za kamera za mitaani za Cape Town, Amsterdam na Lancaster kule Uingereza, ugomvi 219, na kwenye tisa kati ya kila kumi kuna mtu aliingilia. Watu wanasaidia sana tu, shida ni nani aanze.

Ila hapa kwetu kuna neno moja uliogope, "mwizi!". Hilo halihitaji kumchagua mtu, stesheni nzima itanyanyuka na kila mmoja anapiga lake moja tu, mwisho kuna maiti na hakuna aliyeua, yaani ni kulekule kutegeana ila kumegeuzwa. Kwa ajili ya asali? Hapana. Ita hivi, "kijana wa begi jekundu, shusha ndoo yangu", ataishusha mwenyewe maana ameshajulikana.

Safari iliyofuata nilimwachia ndoo bibi mmoja aliyekuwa anasubiri treni ya Mwanza. Narudi na maji yangu namkuta kaikalia kabisa, ananitazama kama hanijui, "we ndoo yako mfuniko wake rangi gani?"