Ukisema "amina", fanya jambo

Dondoo kwa mpendwa yeyote anayeomba kwa bidii halafu anabaki pale pale alipokuwa: kabla hujainuka kwenye maombi, jiulize, "Kama kweli naamini Mungu amenisikia, leo nifanye nini?" Umeombea amani na ndugu yako mliyenuniana? Chukua simu umpigie, hata kama kosa lilikuwa lake. Umemwombea jirani mwenye njaa? Mpelekee chakula. Yakobo 2:15-17 haizungushi maneno: kumtakia mtu ashibe bila kumpa kitu ni imani iliyokufa.

Na moyo ukisitasita, usijifanye shujaa mbele za Mungu. Yule baba katika Marko 9:24 alimlilia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa papo hapo. Nalipenda sana ombi hilo kwa sababu halifichi kitu. Hofu na imani zimewekwa wazi pamoja, na Bwana hakumfukuza. Liseme kwa sauti, hata ukiwa njiani, kisha piga ile simu. Asipopokea, mtumie ujumbe wa kumjulia hali, na uendelee kumwombea kwa jina lake.