Muundi wa nguruwe kwa mapishi ya Kijerumani: wa kuchemsha na wa kuoka

Kabla ya kuwasha jiko, hakikisha kama muundi ulio nao ni mbichi au umekwisha kulazwa katika chumvi, kwa maana hapo ndipo mapishi ya kaskazini mwa Ujerumani yanapoachana na ya kusini. Kaskazini, huko Berlin, muundi hulazwa katika maji ya chumvi kwa siku kadhaa, kisha huchemshwa, nao huitwa Eisbein. Kusini, katika jimbo la Bavaria, kwa kawaida hutumiwa ukiwa mbichi, huokwa mpaka ngozi ikakauka na kuvimba, nao huitwa Schweinshaxe. Muundi ni sehemu iliyo juu tu ya kongoro, na mwenye bucha aambiwe mapema asiichune ngozi. Wa kuoka uwe wa mguu wa nyuma, kwa kuwa una nyama nyingi zaidi.

Anayetaka Eisbein na hakupata nyama iliyokwisha kulazwa, ayeyushe gramu 80 za chumvi katika kila lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, aizamishe nyama yote humo, na kuiweka katika friji kwa siku 4 au 5. Kwa chumvi ya kawaida nyama itatoka na rangi ya kijivu. Wekundu wa Eisbein ya madukani unatokana na chumvi yenye naitraiti, kemikali ya kuhifadhi nyama, ambayo nashauri isitumiwe nyumbani bila kipimo sahihi. Baada ya hapo isuuze, iinjike katika maji mapya pamoja na kitunguu, majani ya laureli, pilipili manga nzima na karafuu mbili tatu, na uiache kwa moto mdogo kwa saa 2 na nusu hadi 3. Maji yasitokote kwa nguvu, yatikisike tu, kwani nyama ya muundi ina mishipa mingi inayohitaji muda mrefu ili ilainike, na moto mkali huikausha kabla mishipa haijalegea. Imeiva pale mfupa unapozunguka ukiushika. Huko Berlin Eisbein huliwa na kabeji iliyochachushwa, yaani Sauerkraut, pamoja na njegere kavu zilizopondwa na haradali. Watu wa mji wa Köln huuita muundi huu Hämmchen na wa Frankfurt huuita Haspel. Kote huko muundi huchemshwa, ila Frankfurt huteremshwa kwa mvinyo wa matufaha.

Schweinshaxe inadai uangalifu zaidi, na kazi kubwa iko katika ngozi. Anza kwa kuchemsha muundi mbichi katika maji ya chumvi kwa muda wa saa 1, ili ngozi ilainike na kukubali kisu. Ukiwa bado una joto, ichanje ngozi kwa mistari inayokatizana, ukiishia kwenye mafuta bila kuigusa nyama, maana ukiikata nyama mchuzi wake utapanda na kulowesha ngozi ile ile unayotaka ikauke. Ipanguse kwa kitambaa, kisha paka chumvi, kitunguu saumu na kisibiti, kiungo ambacho kwa maoni yangu hakifai kuachwa, kwa sababu harufu yake ndiyo inayoutambulisha mlo huu.

Tandaza vitunguu na karoti katika sinia, mimina nusu lita ya bia nyeusi, weka muundi juu yake, na uoke kwa nyuzijoto 160 kwa saa 2 hivi, ukiongeza maji kila sinia linapokaribia kukauka. Bia ibaki chini. Niliwahi kuimwagia juu ya ngozi mpaka dakika za mwisho, nayo ikatoka ngumu kama kiatu. Mwishoni panda hadi nyuzijoto 230 kwa dakika 15 au 20 na usiondoke karibu na oveni: utaona vilengelenge vidogo vikianza kando ya michanjo, vikienea, na ngozi ikigeuka kutoka kahawia iliyofifia hadi rangi ya dhahabu. Igonge kwa mgongo wa kisu. Ikilia kama ganda kavu, epua mara moja, kwa kuwa kutoka hapo hadi kuungua ni dakika chache.

Acha nyama ipumzike dakika 10 bila kuifunika, chuja mchuzi wa bia, na uandae na madonge ya viazi pamoja na saladi ya kabeji. Mchuzi umiminwe sahanini kando ya nyama, usiiguse ngozi.