Kujenga hoja ya mlinganisho: wizi ndani ya kabini ya meli

Hoja ya mlinganisho huchukua sababu ya kesi iliyokwisha kuamuliwa na kuitumia kwenye shauri linalofanana nayo. Chukua dai hili la kubuni. Abiria kapanda meli ya usiku Mwanza kwenda Bukoba, kalipia kabini, kafunga mlango na dirisha, kalala. Kunakucha, shilingi 600,000 hazimo mfukoni. Hana ushahidi wa uzembe wa mwenye meli. Alipwe?

Kabla ya kutafuta kesi, soma sheria ya Bunge, kanuni zake na masharti ya tiketi. Jibu likiwamo humo, mlinganisho hauna kazi kubwa. Lisipokuwamo, ingia TanzLII, tovuti ya sheria za Tanzania, ambako hukumu husomwa bure. Anza na Mahakama ya Rufani, maana uamuzi wake unazifunga mahakama zote zilizo chini yake, ndipo uende Mahakama Kuu. Kesi za nje hushawishi tu.

Hapa inafaa Adams dhidi ya New Jersey Steamboat, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya New York mwaka 1896. Abiria aliibiwa dola 160 katika kabini iliyofungwa. Mahakama ilikuwa na njia mbili: kuilinganisha meli na hoteli, ambayo mwenye hoteli huwajibika hata bila kuthibitishiwa uzembe, au na behewa la kulala la treni, ambalo uzembe lazima uthibitishwe. Ikafuata hoteli.

Usiishie kwenye "ile meli, na hii meli". Hoja nyingi hufia hapo. Tafuta sababu: abiria alilipia chumba cha faragha akitegemea ulinzi wa mwenye chombo, na mwenye chombo na watumishi wake walikuwa na nafasi ya kumwibia. Vitanda vya behewa vilikuwa wazi kwa wapita njia, na abiria aliliona hilo.

Sasa pima kila jambo la shauri lako: lingebadilika, sababu ile ingebaki? Ziwa badala ya mto, shilingi badala ya dola, havina uzito. Nani mwingine ana ufunguo wa kabini? Hilo ni zito mno, lithibitishe kwa shahidi.

Wakili wa mdaiwa atatofautisha, yaani atadai shauri lako halifanani na la Adams. Atasema meli hupitia bandari ya Kemondo, watu wakipanda na kushuka kama kwenye treni. Mjibu kwa kitasa: anayepanda Kemondo haingii kabini ya mtu. Lakini mteja wako akiwa alilala kwenye benchi la daraja la tatu, begi miguuni, kitasa hakipo na hoja ya hoteli imekwisha, ingawa meli ni ile ile. Huyo dai lake lijengwe juu ya uzembe: ulinzi ulikuwaje, taa ziliwaka?

Mwizi akikamatwa, mlinganisho huu usiuhamishie kwenye jinai. Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba inakataza kumwadhibu mtu kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa kisheria alipokitenda. Kitendo chake kiingie ndani ya kifungu chenyewe. Kufanana na kosa hakutoshi.