Namna ya Kuchagua Mfumo wa Kusimamia Ujifunzaji Mtandaoni kwa Chuo cha Kati

Chuo kinapoamua kufundisha kwa njia ya mtandao, mazungumzo ya kikao huanzia kwenye majina ya mifumo ya kuwekea masomo, mazoezi na alama: tuchukue Moodle, Google Classroom, Canvas, au ule mfumo ambao wakala alikuja kutuonyesha wiki iliyopita? Kabla ya jina lolote kutajwa, ofisi ya taaluma inapaswa kuandika ukurasa mmoja unaoeleza wanachuo wanaishi wapi, wanatumia simu za aina gani, wananunua bando la kiasi gani kwa wiki, na wakufunzi wanakusudia kufanya nini hasa ndani ya mfumo huo. Majibu hayo yatoke kwa wanachuo wenyewe, kwa dodoso fupi la karatasi linalojazwa darasani, kwa kuwa dodoso la mtandaoni litajibiwa na wale tu ambao tayari wana mtandao mzuri.

Tuchukue mfano wa chuo cha afya nchini Tanzania chenye wanachuo 600, ambao kwa miezi kadhaa huwa katika mafunzo kwa vitendo kwenye zahanati na vituo vya afya vya wilaya mbalimbali. Wengi wao hawana kompyuta. Kila kitu watakisoma kwenye simu, jioni, kwa bando walilolinunua wenyewe. Video ya nusu saa iliyorekodiwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula takriban megabaiti 225, ilhali sauti ya mkufunzi peke yake, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, haifiki megabaiti 8 kwa muda huohuo. Kwa chuo cha namna hii, sifa ya kwanza ya kutafuta ni uwezo wa mwanachuo kupakua somo mara moja, kulisoma na kufanya zoezi bila mtandao, kisha majibu yakajituma yenyewe simu inapopata mawimbi. Mfumo usioweza jambo hilo ningeuweka kando mapema, hata kama kurasa zake zinapendeza kiasi gani.

Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas nchini Australia na kutolewa kwa toleo lake la 1.0 mwaka 2002, inaweza jambo hilo kupitia programu yake ya simu, mradi msimamizi aiwashe huduma ya simu kwenye seva (kompyuta inayohifadhi mfumo) na mkufunzi aruhusu jaribio lake lifanywe nje ya mtandao. Mpango wa bure wa programu hiyo ya simu una ukomo, kwa hiyo usomwe kabla ya kuahidi chochote. Google Classroom, iliyoanza mwaka 2014, hujifunzwa na mkufunzi kwa muda mfupi sana na haihitaji seva ya chuo. Lakini haipokei yenyewe vifurushi vya masomo vya SCORM (muundo wa pamoja unaowezesha somo lililoandaliwa mahali pengine kufunguka katika mifumo tofauti), na usimamizi wake wa alama ni finyu kwa chuo chenye mitihani mingi ya vitengo. Canvas ni imara na nadhifu, ila vyuo vingi huitumia kwa kulipia, na gharama hiyo hupanda kadiri wanachuo wanavyoongezeka. Mahali ambapo intaneti haipo kabisa, Kolibri ya shirika la Learning Equality hukaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, na wanafunzi huunganisha simu zao nayo kwa Wi-Fi ya hapohapo. Hiyo ni tiba nzuri ya shule moja, si ya wanachuo waliotawanyika wilayani.

Kuhusu gharama, neno «bure» limewapotosha wengi. Programu huria kama Moodle, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, haina ada ya leseni, lakini seva hulipiwa kila mwezi, nakala rudufu zinahitaji mahali pa kukaa, na lazima awepo mtu anayelipwa ili asasishe mfumo na kuurekebisha unapokwama. Chuo kimoja nilichokisaidia kilikuwa na fundi mmoja hodari aliyejenga kila kitu. Alipopata kazi kwingine, nywila ya msimamizi iliondoka naye, na muhula mzima ukapita bila mtu kuweza kufungua kozi mpya. Inaniuma hadi leo, kwa sababu waliopoteza ni wanachuo. Hakikisheni watu wawili wanaijua kazi hiyo, na maelekezo yake yameandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Baada ya hapo, bakizeni mifumo miwili na muijaribu kwa kazi halisi. Mkufunzi asiyependa kompyuta apewe saa mbili aandae somo moja lenye usomaji, sauti na maswali kumi, na msimamizi akae pembeni bila kumsaidia, akiandika kila mahali anapokwama. Kisha wanachuo 40 wayafungue maswali hayo kumi saa mbili kamili asubuhi, kila mmoja kwa simu yake, kwa sababu mfumo hauelemewi na idadi ya walioandikishwa bali na wale wanaobonyeza katika dakika ileile. Mwishowe, mwanachuo mmoja aliye mbali zaidi na mjini alifanye zoezi zima akiwa huko aliko, na aeleze bando lake lilipungua kwa kiasi gani. Ripoti ya huyo wa mwisho isomwe kwanza katika kikao cha uamuzi.

Kabla ya kutia saini, ulizeni namna ya kuondoka. Mwakilishi wa kampuni awaonyeshe, mbele yenu, jinsi kozi nzima, benki ya maswali na alama zote zinavyotolewa nje katika faili ambalo mfumo mwingine unaweza kulisoma. Akisema jambo hilo litashughulikiwa baadaye, msitie saini. Taarifa za wanachuo nazo zina sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote mbili zinaweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, hivyo mkataba utaje seva ziko wapi, nani anaweza kuzifungua, na taarifa zitafutwa lini mkataba ukiisha.

Mfumo uliochaguliwa uanze na kozi mbili kwa muhula mmoja, huku maandishi ya karatasi yakiendelea kutolewa, na mtihani wa mwisho wa muhula huo usifanyike ndani yake.