Usimwite mtoto wa miaka mitano mchoyo

Mama na baba wenzangu wa Bukavu, mkiwagawia watoto maji ya marakuja, tumieni vikombe vya umbo moja. Jana jioni, hapa kwetu Kadutu, nilimimina kiasi kilekile kwenye kikombe kipana na kwenye gilasi nyembamba. Wa miaka mitano, mwenye kikombe kipana, akaangua kilio akimtazama mkubwa wake mwenye gilasi: "Ya yaya ni mingi!" Nikachukua kile kikombe chake, nikakimimina mbele ya macho yake kwenye gilasi nyingine nyembamba. Akanyamaza, akanywa.

Haukuwa uchoyo. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi (1896–1980), alieleza kwamba kati ya miaka 2 na 7 hivi mtoto hushika jambo moja tu kwa wakati mmoja: anaona kimo cha maji, upana wa chombo haumo katika hesabu yake. Baadaye ndipo anaweza kuyarudisha maji kikombeni kwa mawazo tu, akajua kwamba kiasi ni kilekile. Wengine huwahi, wengine huchelewa kidogo.

Basi tafadhali, kiboko kiacheni. Mpe amimine mwenyewe, hata akimwaga mezani, kisha muulize: "Umejuaje kwamba ni mingi?" Sikiliza jibu lake mpaka mwisho.