Kabla theluji haijaanguka: maandalizi ya dereva mgeni Minnesota

Watu wetu wengi waliohamia jimbo la Minnesota huko Marekani, hasa Brooklyn Park na vitongoji vingine vya Minneapolis, wanafanya kazi zisizoahirishwa na theluji. Mzee aliye kwenye nyumba ya kulelea wazee lazima anyanyuliwe, alishwe na apewe dawa hata kama nje hakupitiki, na aliyekesha naye anamsubiri wa asubuhi ampokee zamu. Kwa hiyo kumwambia mtu "ukiona theluji usitoke" ni kumpa ushauri mzuri asioweza kuufuata. Kinachomfaa ni maandalizi, na maandalizi yenyewe yanaanza Oktoba majani yanapopukutika, si asubuhi ya theluji, umeshachelewa na vidole vinakuuma kwa baridi.

Mimi naamini kinachowaponza wageni wengi ni haraka, kuliko hata ugeni wa barabara. Mtu anatoka nyumbani saa ileile aliyotoka jana lami ilipokuwa kavu, anamwogopa msimamizi wake, basi zile dakika alizopoteza anataka kuzifidia barabarani. Ndiyo maana kitu cha kwanza cha kuandaa ni muda. Kabla ya kulala angalia utabiri wa National Weather Service, yaani idara ya hali ya hewa ya Marekani, kisha angalia hali ya barabara kwenye huduma ya 511 ya idara ya usafirishaji ya jimbo, ambayo inakuonyesha barabara zilizofunikwa, zilizofungwa na zenye ajali. Utabiri una matangazo ya ngazi mbili: la kwanza linasema dhoruba huenda ikaja, la pili linasema inakuja kweli au imeshafika. Likitoka la kwanza, zungumza na msimamizi siku hiyohiyo. Usingoje asubuhi. Sehemu nyingi za kulelea wagonjwa na wazee humruhusu mfanyakazi afike kabla dhoruba haijaanza na alale hukohuko, mradi amesema mapema. Kama hakuna dhoruba bali theluji ya kawaida, tega saa ikuamshe mapema kwa dakika 45; robo saa kati ya hizo italiwa na kusafisha gari peke yake.

Ila kuna siku ambayo hakuna zamu inayostahili safari. Upepo ukifika kilomita 56 kwa saa au zaidi, theluji ikipeperuka hadi huoni mbele mita 400, na hali hiyo ikidumu saa 3 au zaidi, hiyo ndiyo dhoruba kamili ambayo Wamarekani huiogopa, na wana sababu. Dhoruba ya Novemba 1940 iliua watu 49 Minnesota peke yake, karibu nusu yao wakiwa wawindaji waliotoka asubuhi yenye joto na nguo nyepesi. Ile iliyoanza tarehe 31 Oktoba 1991 iliimwagia Minneapolis sentimita 72 na mji wa Duluth, kaskazini mwa jimbo, sentimita 94, tena Novemba ndiyo kwanza inaanza.

Tukija kwenye tairi, hapa ningekuomba usibane pesa. Sheria ya Minnesota haikulazimishi kufunga tairi za theluji, na magari mengi ya mitumba yanauzwa na tairi za misimu yote. Ubaya wake ni kwamba mpira wa kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na tairi iliyokakamaa haishiki. Tairi ya theluji imetengenezwa kwa mpira unaobaki laini kwenye baridi. Utaitambua kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ubavuni mwa tairi. Funga zote nne. Ukifunga mbili za mbele tu ili kuokoa fedha, siku utakayokata kona kwenye barafu sehemu ya nyuma itachomoka na kukugeuza. Tairi zenye misumari ya chuma achana nazo, mkazi wa Minnesota haruhusiwi kuzitumia.

Kama uwezo wa kununua tairi za theluji haujapatikana, basi angalau usiingie Desemba na tairi kipara. Chukua sarafu ya senti 25, iingize kwenye mfereji wa tairi kichwa cha George Washington kikiwa chini. Ukiweza kuuona utosi wake, kimebaki kina cha takriban milimita 3, na kwa theluji hicho hakitoshi. Pima sehemu kadhaa, kwa sababu tairi huliwa upande. Halafu pima upepo. Kila joto likishuka kwa nyuzi 10 za Fahrenheit, tairi hupoteza karibu psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi), kwa hiyo upepo uliojaza siku nzuri ya Septemba utakuwa umepungua psi 5 au 6 ifikapo Januari bila pancha yoyote. Kuna wanaoamini kwamba kupunguza upepo kunaongeza kushika. Mchangani ni kweli. Kwenye lami yenye barafu si kweli, na unaiharibu tairi.

Wapo pia wanaonunua gari kubwa la magurudumu manne na kuona wamemaliza kazi. Nguvu ya magurudumu manne inakusaidia kuondoka pale ulipokwama, lakini kusimama haikusaidii hata kidogo. Kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, na linasimama kwa kadiri tairi zake zinavyoshika.

Betri ndiyo inayofuata kuumbua watu. Kwenye nyuzi -18 za Selsiasi, yaani 0 ya Fahrenheit, betri inabakiwa na chini ya nusu ya nguvu zake, wakati huohuo oili ya injini imekuwa nzito na starta inahitaji nguvu zaidi. Mwisho wa Januari 2019 Minneapolis ilifika nyuzi -33 za Selsiasi. Betri yenye miaka minne au mitano haina sababu ya kungojwa ife. Maduka mengi ya vipuri hupima betri bure, pitia Oktoba upimiwe. Muulize fundi pia kama kulanti yako (maji ya kupozea injini) inahimili baridi ya huku, na umwage maji ya kuoshea kioo yaliyobaki ya kiangazi, kwa sababu yataganda kwenye bomba au, vibaya zaidi, yataganda juu ya kioo mara tu utakapoyarusha ukiwa kwenye mwendo. Nunua yaliyoandikwa kuwa yanahimili hadi -20 au -30 za Fahrenheit. Tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu msimu mzima. Na ndugu zetu wa malori wajue kwamba dizeli ya kawaida huanza kuwa mzito kama uji na kuziba filta kwenye baridi kali. Jaza dizeli ya msimu wa baridi kabla hujaelekea kaskazini au majimbo jirani ya Dakota.

Nyumbani weka brashi yenye kikwangua barafu mahali unapofikia, si ndani ya gari ambalo milango yake huenda imeganda. Asubuhi washa gari, elekeza hewa ya moto kwenye kioo, halafu safisha gari lote: vioo vyote, taa za mbele na nyuma, namba, na paa. Sheria ya Minnesota inakataza kuendesha ukiwa na theluji au barafu inayokuzuia kuona, hivyo kile kitundu kidogo mbele ya uso wa dereva kinaweza kukupatia faini. Paa ndilo watu wanalolisahau. Gari likishapata joto ndani, theluji ya juu inayeyuka kwa chini na kuwa bamba. Siku utakapokanyaga breki kwenye taa nyekundu, bamba zima linateleza mbele na kufunika kioo, waipa hazilisukumi, na wewe upo katikati ya makutano huoni kitu. Maji ya moto usimwage kamwe, kioo kinaweza kupasuka. Usiache gari linanguruma na ufunguo ndani ukarudi kunywa chai, maana wezi wa magari wanayajua hayo masaa vizuri. Na gari lililo ndani ya gereji usilipashie joto humohumo hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una gesi inayoua, na gesi hiyo haina harufu ya kukuonya.

Wenye watoto wadogo wana jambo la ziada. Jaketi nene la mtoto linaonekana limebanwa vizuri na mkanda wa kiti, kumbe kilichobanwa ni manyoya na hewa. Gari likigongwa, jaketi linabonyea na mtoto anachomoka kwenye mkanda. Mvue jaketi, mfunge mkanda ukigusa mwili wake, kisha mfunike jaketi au blanketi kwa juu.

Maegesho nayo yanataka kujulikana kabla, kwa kuwa wengi wamerudi na kukuta gari limevutwa na kupelekwa yadi ya jiji. Theluji ikizidi, jiji la Minneapolis hutangaza dharura ya theluji ili magreda yapate kukwangua hadi ukingoni. Usiku wa kwanza, saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, huruhusiwi kupaki upande wowote wa barabara zenye kibao cha njia ya dharura ya theluji. Siku ya pili, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, huruhusiwi kupaki upande wa nyumba zenye namba shufwa katika barabara zisizo za dharura. Siku ya tatu, saa zilezile, ni zamu ya upande wa namba witiri. St. Paul, ng'ambo ya mto, wana utaratibu wao tofauti. Jiandikishe upate ujumbe wa jiji unaloishi, na uende ukaangalie leo kibao cha barabara yako kinasemaje.

Kuhusu uendeshaji wenyewe, aliyewahi kupita udongo mweusi wakati wa masika ana kianzio kizuri: anajua kukanyaga mafuta polepole na kutozungusha usukani kwa pupa. Tofauti ni kwamba tope unaliona, na gari linaanza kukuonya mapema. Barafu nyembamba juu ya lami inafanana na lami iliyolowa, na onyo lake la kwanza ni gari kutokukutii. Tegemea kuikuta kwenye madaraja, kwa kuwa yanapoa juu na chini, na kwenye makutano yenye foleni wakati wa baridi kali, moshi wa magari unapoganda chini. Dashibodi itakuonyesha Fahrenheit, hivyo kariri 32, hapo ndipo maji yanapoganda. Usidhani chumvi imemaliza tatizo. Lami ikishuka chini ya nyuzi -9 hivi za Selsiasi, chumvi ya kawaida inafanya kazi kidogo sana.

Jipe umbali wa sekunde 8 hadi 10 na gari la mbele. Zima kifaa cha kushikilia mwendo. Greda likiwa mbele yako, kaa nyuma yake umbali wa magari kumi na usijaribu kulipita ndani ya wingu la theluji linalorusha. Ukiteleza, ondoa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda na ugeuze usukani huko. Breki zenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) zikitetema chini ya mguu, endelea kukanyaga. Yote haya kayafanyie mazoezi theluji ya kwanza, mwendo mdogo, kwenye uwanja mtupu ulioruhusiwa kuutumia.

Kwenye buti weka beleshi dogo, mfuko wa mchanga wa kumwaga mbele ya tairi, waya za kubustia betri, tochi, blanketi, viatu na glovu za akiba, maji, na chakula kisichohitaji kupikwa. Chaja ya simu ikae gari siku zote. Ukikwama barabara kuu, piga 911 na utaje namba iliyo kwenye kibao cha maili cha karibu. Baki ndani ya gari, kwa sababu wanaotafuta wanaliona gari kabla ya kumwona mtu, na kwenye theluji inayopeperuka mtu hupotea hatua chache tu kutoka mlangoni. Washa injini dakika 10 kila saa upate joto, fungua kioo kidogo upande usiopigwa na upepo, na kila mara kabla hujaiwasha toka kwanza uondoe theluji iliyoziba bomba la moshi. Usiku washa taa ya ndani injini inapofanya kazi, ili dereva wa greda ajue kuna mtu.