Somo: Kutafuta mahali pa kupigia dokumentari ya kipindi cha umbea, Unguja

Assalaam alaykum. Somo hili limetokana na kazi niliyoshiriki: dokumentari ya kipindi cha televisheni kilichokuwa kikiwagombanisha watu mbele ya kamera. Kipindi sikitaji, hakina haja ya kutangazwa tena.

Hatua ya 1: Fuata neno, usifuate uzuri. Mwenye kamera mpya hukimbilia Forodhani, Ngome Kongwe na jahazi la machweo. Vizuri kwa tangazo la hoteli, ila umbea haukai pale. Chukua daftari ujiulize: neno lilisemwa wapi, lilisikilizwa wapi, na aliyesemwa lilimkuta akiwa wapi? Orodha yako inaanzia hapo.

Hatua ya 2: Studio, siku moja tu. Tizama kipindi cha Jerry Springer kule Marekani, nacho cha kugombanisha watu mbele ya kamera. Kilianza Cincinnati mwaka 1991, kikahamia Chicago, na mwaka 2009 kikahamia Stamford, Connecticut, mpaka kilipokoma 2018. Mtu anaweza kujaza dokumentari nzima kwa mayowe ya ukumbini Chicago. Lakini mwaka 2000 mwanamke mmoja aliyewahi kushiriki aliuawa huko Florida, siku ile ile kipindi alichomo kiliporushwa. Sasa niambie, kamera ikae Chicago au iende Florida? Mimi studio huipiga ikiwa tupu, viti vimepangwa, taa zimezimwa nusu.

Hatua ya 3: Baraza na uwani. Hapa ndipo umalizie siku zako. Mji Mkongwe una Jaws Corner: kahawa chungu, dhumna, televisheni ukutani, na wazee wanaokueleza kwamba hata jina la pahala limetoka kwenye filamu ya papa iliyooneshwa pale. Kunywa kahawa siku tatu mikono mitupu. Siku ya nne ndiyo uje na kamera, na bado omba ruhusa.

Ila barazani ni kwa wanaume. Wanawake husikilizia uwani, na mpiga picha mwanamume hatopata kitu huko. Mtafute mwanamke wa kushika kamera. Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, nako usikuache. Majumba ya Michenzani, yale yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yana ngazi ambazo neno huzipanda ghorofa kwa ghorofa kabla nyanya hazijafika jikoni. Na piga kanga zilizoanikwa. Kuna mtu amemjibu jirani yake pale kambani bila kufungua mdomo.

Hatua ya 4: Jihadhari na milango. Hili lilinifika mwenyewe. Tulimficha uso mama mmoja aliyesemwa, tukabadili na sauti yake. Kisha tukaweka mlango wake wa kuchonga, sekunde nne tu, kwa kuwa ulipendeza. Tulipoonesha kipande cha majaribio, mtazamaji wa kwanza akasema, "Aa, si kwa Bi fulani hapa?" Nakshi za juu, idadi ya njumu za shaba, ufa wa pembeni: mtu wa Mji Mkongwe anavisoma kama jina. Tulikifuta kipande chote. Sasa aliyeumizwa namhoji nyumba nyingine kabisa, na napiga mikono yake ikichambua mchele.

Hatua ya 5: Vibali. BASSFU (Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar) kwa kibali cha filamu, Mamlaka ya Mji Mkongwe kwa majengo ya hifadhi, na sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, usimruke. Droni ina ruhusa zake za usafiri wa anga. Kwa kazi hii iache nyumbani.

Hatua ya 6: Mwanga na sauti. Vichochoroni jua hushuka kuanzia saa tano hadi saa nane, basi. Misikiti ni mingi na adhana hazianzi pamoja, kwa hiyo mahojiano yapange baina ya sala. Vespa huna la kuifanya.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Chake Chake: Mwalimu, sisi Pemba hatuna vichochoro hivyo. Nipige wapi?*

Una pahala pazuri kuliko petu. Msimu wa karafuu, jioni, watu wamekaa kitako kwenye majamvi wanachambua. Mikono ina kazi, midomo haina. Weka maikrofoni mapema waizoee.

*Mwanachama wa Kikwajuni: Ghiba ni haramu. Kuipigia filamu si kuieneza?*

Yaweza kuwa hivyo, ukhti, nami naliogopa. Ninachofanya: lile neno lenyewe silirudii. Mtazamaji anajua tu kwamba mtu alisemwa, kisha anamsikia aliyesemwa akieleza harusi iliyovunjika au skuli aliyomhamisha mtoto. Akikataa kusema, namwacha.

*Mwanachama wa Malindi: Mtangazaji wa zamani amekubali mahojiano, lakini anataka yafanyike sebuleni kwake.*

Mpeleke studio tupu ukiweza. Kwake atakuwa mwenyeji, ataleta juisi ya ukwaju na sambusa, na wewe mtoto uliyelelewa utaona haya kumuuliza kwa nini alifanya vile.

*Malindi tena: Na akishikilia?*

Nenda, kaka. Ila maswali magumu yaulize kabla sinia halijaingia.